Chuo cha kusoma na cha kuishi: kwa watoto wa Malindi na Lamu

Nimefundisha biolojia Malindi miaka mingi, na kila matokeo ya KCSE yakitoka nawasikia vijana wakiulizana, "Umepelekwa wapi?" Wanangu, KUCCPS, shirika la serikali linalowagawa wanafunzi vyuoni, hupanga watu kwa alama zao na kwa vile walivyojaza wenyewe. Kujaza huko ndiko wengi hukufanya kwa pupa, kwenye saiba, usiku wa siku ya mwisho.

Anza na kozi, jina la chuo lije baadaye. C+ ya wastani kwenye KCSE hukufungulia mlango wa digrii, lakini kila kozi ina klasta yake, yaani kundi la masomo manne ambayo alama zake ndizo zinazopimwa, na hapo wengi hukwama. Ukitaka uhandisi, hakikisha kozi hiyo, katika chuo hicho hicho, imeidhinishwa na Bodi ya Wahandisi. Uuguzi na sheria nazo zina mabaraza yake. Inauma kusoma miaka yote hiyo ukatoka na cheti kisichokubaliwa kwenye usajili, kwa hivyo usimuulize binamu, iulize bodi yenyewe.

Ukishapata kozi mbili tatu, nenda ukavione vyuo. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, kwa matatu tu kutoka Malindi. TUM, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, iko Tudor. Anayetoka Lamu ana boti mpaka Mokowe kisha basi refu, basi avione vyote kwa safari moja.

Nenda siku ya masomo, na usianzie ofisini. Anzia kwenye ubao wa matangazo, usome tarehe. Nimewahi kuona ubao uliojaa karatasi zilizopauka kwa jua: ratiba ya mpira ya muhula uliopita, mkutano wa chama cha mazingira uliokwisha kitambo, na karatasi mpya moja tu, ya kukumbusha karo. Majengo yalipendeza, lakini darasa likiisha kila mtu alishika njia yake. Chuo kilicho hai, karatasi hupandana: mdahalo Jumatano, mazoezi ya voliboli, darsa la Waislamu, kwaya ya Wakristo, watu wa Lamu wakichangishana nauli ya kwenda Maulidi.

Kisha simama karibu na maktaba saa moja usiku. Ukiona watu wanaingia, na nje wengine wamekaa wawili watatu wakielezana hesabu, hapo masomo na urafiki vinakaa pamoja. Naliamini hilo kuliko kijitabu chochote cha picha.

Waulize makomredi, yaani wanafunzi wenyewe, wa mwaka wa pili na wa tatu. Wa kwanza bado wageni. Mhadhiri asipokuja, hulipa kipindi? Alama za mtihani hupotea? Maabara mnashika darubini wenyewe, au mnamtazama mwalimu akishika? Na wikendi mnabaki chuoni?

Hilo la mwisho nalipa uzito mkubwa, na hapa natofautiana na wazazi wenzangu. Wengi wetu Malindi tunataka mtoto asome Kilifi, alale nyumbani. Pwani ni chuo kizuri, na anayependa sayansi ya bahari ana bahari papo hapo. Lakini anayekimbilia matatu kila jioni huvikosa vikundi vya kusoma vinavyokutana baada ya isha, huikosa timu, huwakosa hata wale marafiki wa kumwambia kwamba mtihani umesogezwa. Uwezo ukiwepo, mwaka wa kwanza alale hosteli.

Wanaokwenda mbali, kama Moi huko Kesses karibu na Eldoret, wabebe sweta nzito, na waulizie mapema msikiti uko wapi na daku hupatikana vipi Ramadhani. Tafuteni chama cha wanafunzi wa Pwani, lakini msijifungie humo. Kaeni na Mkalenjin, na Mluhya, na Mkisii.

Wasichana, itembeeni ile njia ya kutoka maktaba mpaka hosteli giza likiingia, mkiwa wawili. Taa zisipowaka, hamtakwenda maktaba wala mdahaloni, hata chuo kiwe na sifa gani.

Mkirudi, jazeni mapema, kozi mnayoitaka zaidi ikae juu. Na dirisha la kubadilisha mlichojaza likifunguliwa, ingieni tena mkague kila nambari ya kozi, maana chuo kimoja huwa na kozi zenye majina yanayokaribiana sana.