Shika Kalamu Kabla ya Kengele: Namna ya Kuhesabu Pambano Mwenyewe

Mgahawa wangu uko Ngamiani, hapa Tanga. Jumapili nafungua mapema kuliko siku zote kwa ajili ya supu na ngumi. Pambano kubwa la Jumamosi usiku kule Las Vegas linatufikia Jumapili asubuhi, wakati chapati za kwanza zinatoka jikoni, na madereva wa bajaji wameshakaa mbele ya TV. Raundi ya 12 ikiisha, majaji wakatangaza matokeo, mgahawa unalipuka. Huyu anasema kaibiwa, yule anasema kastahili, na ukimuuliza mmoja wao raundi ya 6 ilikuwa ya nani, anabaki kukutazama.

Ndiyo maana niliweka sharti: anayesema bondia kaibiwa aonyeshe karatasi yake. Kalamu nimezifunga kwa uzi pale kaunta na karatasi natoa mimi. Hapa nakueleza namna ninavyomwelekeza mgeni anayekaa meza ya mbele kwa mara ya kwanza. Ni kazi unayoweza kuifanya hata ukiwa nyumbani peke yako, na nakuhakikishia hutatazama ngumi tena kama ulivyokuwa ukizitazama.

Anza katikati ya wiki

Usingoje siku yenyewe. Ukisikia pambano limetangazwa, liandike kwenye kaunta buku: tarehe, saa, raundi ngapi, uzito gani, mkanda wa ubingwa upo au haupo, na nani kati yao ni mashoto. Saa ndiyo huwachanganya watu. Riyadh na sisi tuko sawa. Las Vegas wako nyuma yetu kwa saa 10 wakati wa kiangazi chao na saa 11 wakati wa baridi. Kwa hiyo bango likisema Jumamosi Las Vegas, wewe tega simu ikuamshe Jumapili alfajiri. Hata Riyadh angalia vizuri: Oleksandr Usyk na Tyson Fury, mabondia wa uzito wa juu, walitangaziwa 18 Mei 2024, lakini walipopanda ulingoni usiku wa manane ulikuwa umeshapita.

Kisha andika utabiri wako, na uandike kitu kinachoweza kuonekana kwa macho. "Fulani atashinda kwa sababu ana uzoefu" hausaidii. Septemba 2018, Hassan Mwakinyo, mtoto wa hapa Tanga, alikwenda Birmingham kupigana na Sam Eggington, Mwingereza aliyewahi kuwa bingwa wa Ulaya. Ukiweka uzoefu kwenye mizani, Eggington alikuwa mbali. Mwakinyo akamaliza kazi raundi ya 2. Utabiri mzuri unasema: "Huyu akishindwa kumzuia mwenzake kwa mkono wa mbele katika raundi tatu za kwanza, hafiki mwisho." Hapo utajua mapema kama uliona sawasawa au ulikuwa unashabikia.

Rekodi nayo isomwe kwa utulivu. Ushindi 25 bila kipigo ni namba tu mpaka ujue walioshindwa ni nani, walipigwa wapi, na walikuwa na umri gani siku hiyo.

Karatasi yenyewe

Piga mistari upate safu tano: namba ya raundi, bondia wa kwanza, bondia wa pili, alama ya W (wazi) au K (karibu) ambayo nitaieleza chini, na nafasi ndogo ya maneno matatu au manne. Usiweke majina juu ya safu. Weka rangi ya bukta: "nyeupe", "kijani", chochote walichovaa.

Kwa hili la rangi siyumbi, na sababu yake ni moyo. Francis Ngannou alipopanda ulingoni na Tyson Fury tarehe 28 Oktoba 2023, kila Mwafrika niliyemjua alikuwa upande wa Mkameruni. Ngannou alikuwa mtu wa MMA, mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka, lile ndilo pambano lake la kwanza la ngumi za kulipwa, na raundi ya 3 akamwangusha bingwa wa uzito wa juu. Kwa furaha ile ni rahisi kumpa raundi ya 4, ya 5 na ya 6 kwa kumkumbuka alivyomwangusha mwenzake, wala si kwa alichofanya ndani ya raundi hizo. Jaji mmoja alimpa Ngannou 95-94, wa pili akampa Fury 95-94, wa tatu akampa Fury 96-93. Ukiandika rangi badala ya jina, unajipa nafasi ya kuuliza: hawa wangekuwa watu nisiowajua, raundi hii ningempa nani?

Zima sauti ya mtangazaji, au ipunguze kabisa. Mtangazaji anatazama pambano akiwa na hadithi aliyokuja nayo, na kila ngumi ya kipenzi chake inapata kelele. Mashabiki ukumbini wanashangilia hata ngumi iliyoishia kwenye mkono.

Nini kinahesabiwa

Kwenye ngumi tazama kwanza ngumi safi: sehemu ya mbele ya glovu imefika kichwani au mwilini, juu ya mkanda wa bukta, bila kuzuiwa na mkono wala bega. Ngumi kumi zilizopigwa kwenye mikono ya mtu aliyejikinga hazifikii tatu zilizopita katikati. Baada ya hapo kuna mashambulizi yenye matunda, yaani kusonga mbele huku unapiga, si kusonga mbele huku unapigwa. Halafu nani anaamua pambano lichezwe wapi ulingoni na kwa kasi gani. Mwisho ni ulinzi.

Watu wengi hapa kwangu wanampenda anayesonga mbele. Nawaambia watazame miguu ya anayerudi nyuma. Kama anarudi nyuma kwa kutaka, anapiga, anazunguka, na mwenzake anabaki kupiga hewa, huyo anayerudi ndiye mwenye raundi.

Kila raundi ni kitu kipya. Kengele ikilia, sahau iliyopita. Andika alama ndani ya dakika ile moja ya mapumziko, na kama unaweza iandike kabla marudio hayajaonyeshwa, kwa sababu marudio yanachagua ngumi moja tamu na kukusahaulisha dakika tatu nzima.

Hesabu

Mshindi wa raundi anapata 10, mwenzake 9. Aliyeangushwa mara moja huwa anapata 8, akiangushwa mara mbili 7. Kama wote wawili wameangushwa mara moja moja, inafutana. Refa akimkata mtu pointi kwa rafu, iandike pembeni na uitoe mwishoni. Usiichanganye na alama ya raundi, kwa sababu baadaye hutajua uliona nini. Na 10-10 iache. Dakika tatu ni nyingi. Ukitafuta, utaona aliyefanya zaidi kidogo.

Jifunze kusoma jumla kwa mtazamo mmoja. Pambano la raundi 12 bila mtu kuanguka: 114-114 ni raundi sita kwa sita, 115-113 ni saba kwa tano, 116-112 ni nane kwa nne, na kuendelea hivyohivyo. Ukiona namba haziingii humo, kama 115-112 au 114-113, ujue kuna mtu aliangushwa au alikatwa pointi.

Hapo ndipo pambano la kwanza la Usyk na Fury linapofundisha kuliko lolote ninalolijua. Majaji walitoa 115-112 kwa Usyk, 114-113 kwa Usyk na 114-113 kwa Fury. Raundi ya 9 Usyk alimpiga Fury mfululizo, Fury akayumba kutoka kona hadi kona, kamba zikamshikilia, refa akaingia kati na kumhesabia. Hakulala chini sawasawa, lakini mtu akizuiwa na kamba tu asianguke, hiyo ni kuangushwa. Sasa chukua kalamu, ondoa hesabu ile, iache raundi ya 9 iwe 10-9 ya kawaida. Jaji wa kwanza anabaki na 115-113 kwa Usyk. Wa pili anakuwa na 114-114. Wa tatu anakuwa na 115-113 kwa Fury. Pambano ni sare! Mikanda yote minne ya uzito wa juu, kwa mara ya kwanza katika zama za mikanda minne, ilikwenda kwa mtu mmoja kwa sababu ya pointi ile. Waliporudiana Desemba mwaka uleule hawakuacha swali: majaji wote watatu walimpa Usyk 116-112.

W na K

Hii ndiyo safu ninayoipenda, na ndiyo inayotuliza ugomvi. Ukishaandika 10-9, weka W kama raundi ilikuwa wazi, mtu yeyote mwenye macho angeona vilevile. Weka K kama ilikuwa karibu na ungeweza kumwelewa anayeona kinyume.

Mwisho wa pambano hesabu hivi. Tuseme nyeupe ana W tano, kijani ana W nne, na K ziko tatu. Kama K zote zinakwenda kwa nyeupe, anashinda 116-112. Kama zote zinakwenda kwa kijani, kijani anashinda 115-113. Kadi yoyote iliyo kati ya hizo mbili ni halali, hata kama haifanani na yako. Jaji akileta 117-111 kwa nyeupe, hapo una haki ya kuuliza, maana lazima alichukua raundi ambayo uliiona wazi kuwa ya kijani. Neno wizi liwekwe akiba kwa kadi za namna hiyo.

Jaribu kipimo hiki kwa mabondia Beterbiev na Bivol. Walipokutana Riyadh Oktoba 2024, kadi zilikuwa 114-114, 115-113 na 116-112, Beterbiev akashinda. Waliporudiana hapohapo Februari 2025, kadi zilikuwa namba zilezile tatu, safari hii kwa Bivol. Watu walisema majaji wanabahatisha. Mimi naona mapambano mawili yaliyojaa K, na majaji waliofanya kazi yao. Canelo na Crawford, Septemba 2025, ni hivyohivyo: 116-112 moja na 115-113 mbili, zote kwa Crawford, majaji wametofautiana kwa raundi moja tu, na Crawford alikuwa amepanda madaraja mawili ya uzito kumfuata mtu mkubwa kuliko yeye.

Ukibadilisha mchezo

MMA nayo inatumia 10-9, lakini usiende na macho ya ngumi. Pambano la kawaida ni raundi tatu za dakika tano, na pambano kuu au la ubingwa ni tano. Jaji anaanza na madhara: makonde, mateke, viwiko, kabali iliyokaribia kumaliza kazi. Wakiwa sawa kabisa hapo ndipo anatazama nani alishambulia zaidi, na wakiwa bado sawa ndipo anatazama nani alitawala eneo. Kumbwaga mtu chini kisha kukaa juu yake bila kufanya lolote kuna thamani ndogo sana.

Bishano kubwa lililowahi kutokea mbele ya sufuria zangu lilihusu hilo. Tarehe 16 Agosti 2025 kule Chicago, Khamzat Chimaev alimweka Dricus du Plessis chini kwa zaidi ya dakika 20 kati ya 25, na majaji wote wakaandika 50-44, yaani raundi zote tano, moja ikiwa 10-8. "Alimlalia tu," walisema nusu ya meza. Lakini tazama tena: aliye juu alikuwa anabadilisha nafasi na kupiga, hata kwa ngumi ndogondogo, na aliye chini hakurudisha karibu chochote. Hata kama unaona madhara ni madogo, ya upande wa pili yalikuwa wapi? Kinachoweza kujadiliwa ni ile 10-8, na hilo ni jambo la heshima kulijadili.

Kwa sababu raundi ni chache, K moja ya MMA ina uzito mkubwa. Du Plessis alipochukua mkanda kwa Sean Strickland, Toronto, Januari 2024, kadi zilikuwa 48-47 mbili kwake na 48-47 moja kwa Strickland. Raundi moja tu ikigeuka kwenye kadi moja, mkanda unabaki kwa mwenyewe. Andika maneno yako matatu kwa uangalifu zaidi hapa: nani alimuumiza nani, kwa pigo gani.

Pambano likimalizwa kwa KO au kabali, andika raundi na muda, piga mstari, usijaze zilizobaki.

Kadi za majaji zikitoka

Siku hizi kadi za kila raundi hutolewa muda mfupi baada ya pambano. Zinakili chini ya yako. Zungushia duara raundi ambazo majaji wote watatu walikwenda kinyume na wewe. Hizo ndizo za kurudia kutazama, bila sauti, siku nyingine ukiwa umelala vizuri. Zile ambazo jaji mmoja tu hakukubaliana nawe zipite. Ukiona sasa ungeandika tofauti, usifute alama ya kwanza. Andika mpya pembeni yake kwa wino wa rangi nyingine, na tarehe uliyorudia.