Kupinga faini ya maegesho Mjini Unguja, hatua kwa hatua

Ninasimamia gari za kukodisha hapa Mjini, na gari za kukodisha huandikiwa faini kuliko gari nyingine yoyote. Mgeni huiacha gari Shangani akaenda zake kutembea vichochoroni, na kikaratasi hunifikia mimi wakati yeye keshapanda ndege. Nyingine ninazilipa bila ya maneno kwa sababu kosa lipo. Nyingine ninazipinga, na njia ninayoifuata ndiyo hii.

Jambo la kushika kabla ya yote: faini haifutwi kwa mabishano ya barabarani. Hufutwa kwa karatasi iliyopokelewa ofisini ikapigwa mhuri.

Hatua ya 1: Jua nani kakuandikia

Soma kichwa cha karatasi kabla hujakasirika. Ada za maegesho na faini zake ni kazi ya Baraza la Manispaa, iwe Mjini, Magharibi A au Magharibi B, kwa kutegemea barabara yenyewe iko wapi. Pemba ni Mabaraza ya Miji ya Chake Chake, Wete na Mkoani. Mamlaka yao yanatoka kwenye Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya 2014 pamoja na sheria ndogo zinazotungwa chini yake. Trafiki ni mlango mwengine kabisa. Yeye ni polisi, na hukuandikia kwa kosa la usalama barabarani: umeziba njia, umesimama kwenye kona, umeegesha juu ya kivuko cha waendao kwa miguu.

Barua ikienda mlango usio wake hukaa huko mpaka muda wa kujitetea ukapita, na hakuna atakayekupigia simu kukwambia. Pengine mwenye kimashine cha kukatia stakabadhi na faini barabarani si mfanyakazi wa baraza bali ni wa wakala aliyepewa kazi ya kukusanya. Hilo lisikubabaishe. Anakusanya kwa niaba ya baraza, kwa hiyo barua yako iende kwa Mkurugenzi wa Baraza na nakala kwa wakala.

Hapo hapo tafuta kwenye karatasi tarehe ya mwisho ya kulipa au kujitetea. Iandike kwenye simu, weka na kengele.

Hatua ya 2: Usilipe, usigombane, usitoe ya soda

Ukilipa faini umekiri. Kosa linamalizika kwa malipo na hakuna wa kukusikiliza tena. Wengi hulipa kwanza wakidhani watadai baadaye, kisha wakashangaa wanapoulizwa: "Kama hukukosa, ulilipa nini?"

Kijana aliyekuandikia hana uwezo wa kuifuta hata akikuonea huruma, maana akishabonyeza kimashine habari imekwenda. Mwombe jina au namba ya kitambulisho chake kwa adabu, mshukuru, basi. Ukimtolea ukali, atakuja kuukumbuka siku atakapoulizwa na mkubwa wake.

Na elfu mbili tatu za kumpoza usizitoe. Mbali ya kuwa ni rushwa, na Zanzibar ina Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu Uchumi tangu sheria ya 2012, utakuwa umetoa pesa isiyo na stakabadhi kwa faini ambayo kesho bado imo kwenye mfumo.

Ikiwa tairi imefungwa chuma au gari imevutwa na unaihitaji leo, hapo lipa. Lakini andika juu ya nakala yao na yako: "Nalipa ili kuachiwa gari, sikubali kosa," utie saini na tarehe. Haikuhakikishii kurudishiwa pesa, ila inamzuia mtu kusema ulikiri.

Hatua ya 3: Kusanya ushahidi siku hiyo hiyo

Hapa ndipo kesi nyingi zinaposhinda au kufa, na ndipo watu wanapofanya uvivu.

Piga picha gari ikiwa bado haijatoka. Picha ya karibu ya tairi na mstari haitoshi, maana mstari mweupe wa Darajani na wa Michenzani ni mmoja. Rudi nyuma mpaka kwenye picha moja ionekane gari, namba yake, na kitu kisichohama: mlango wa nyumba, nguzo ya umeme, jina la duka. Kisha tembea pande zote mbili za barabara ukitafuta kibao cha maegesho, na upige picha hata pale ambapo hakipo. Kibao kilichofunikwa na nguo za kuuzwa, kilichopinda, kilichofutika rangi kwa jua na chumvi ya bahari, vyote hivyo ni hoja. Usingoje wiki ijayo. Kibao kikisafishwa au mstari ukipakwa rangi upya, utabaki unaeleza mambo ambayo hayaonekani. Ukiwa Malindi angalia tu usije ukaelekeza simu bandarini au kwenye kituo cha polisi, ukaanzisha kesi ya pili.

Picha asili zibaki kwenye simu yako. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa za ndani za tarehe na saa hupotea. Itume kama faili.

Halafu kuna suala la saa, ambalo limeharibu barua nyingi nzuri. Kimashine kinaandika 14:05. Wewe na shahidi wako mnaandika saa 8:05. Mwingine, kwa kutaka kuandika kiofisi, anafuata saa za Kizungu na kuandika saa 2:05. Karatasi tatu juu ya meza moja, saa tatu mbalimbali, na anayesoma anaona nyote mnasema uongo. Andika kila mahali namna moja: "saa 8:05 mchana (14:05)".

Stakabadhi ya kimashine huchapwa kwenye karatasi ya joto, na ikiachwa kwenye dashibodi juani maandishi hufutika. Ipige picha unapoipokea tu. Kama ulilipa kwa simu, usifute ujumbe wa malipo.

Kama mtu alishuhudia, muuza duka au dereva wa taksi wa hapo, mwombe aandike mistari michache kwa mkono wake, jina, simu na saini. Usimwandikie wewe.

Hatua ya 4: Pima hoja yako

Hoja inayofaa ni ile inayoweza kuoneshwa kwa kidole. Namba ya gari imekosewa, tarakimu moja imewekwa pahala pa nyingine. Ulikuwa umelipa na muda haujesha. Mahali palipoandikwa si pale gari ilipokuwa. Hakuna kibao wala mstari. Gari uliiuza na mkataba wa mauzo unao (na kama hukuhamisha jina kwenye kadi ya gari, kalifanye hilo leo). Gari iliharibika ikawa haiendi, na fundi ana karatasi yake. Ulikuwa unamkimbiza mgonjwa Mnazi Mmoja na una karatasi ya hospitali yenye saa.

Hoja isiyofaa ni ile ya kulalamika: ada ni kubwa, kila mtu anaegesha pale, nilikaa dakika mbili tu, ilikuwa wakati wa sala ya Ijumaa. Naielewa hiyo ya Ijumaa, barabara za karibu na misikiti huwa hazina hata pa kuweka vespa, lakini hakuna ofisa atakayefuta faini kwa ajili hiyo kwa maandishi. Ukiwa na hoja za aina hii peke yake, lipa uendelee na maisha.

Sisi wa gari za kukodi tuna hoja yetu: mkataba unaoonesha nani alikuwa nayo gari, tarehe na saa ya kuichukua na kuirudisha. Usitegemee kwamba utakuondolea deni, kwani mara nyingi karatasi inamfuata mwenye jina kwenye kadi. Faida yake ni kumdai mgeni kwenye amana yake, ikiwa mkataba wenyewe umesema faini ni juu yake. Kama hausemi, uongeze kifungu hicho kabla hujatoa gari nyingine.

Hatua ya 5: Andika barua fupi

Ukurasa mmoja. Usihadithie ulikotoka na ulikokuwa unakwenda. Mfano:

*Mkurugenzi,*
*Baraza la Manispaa Mjini,*
*Zanzibar.*

*YAH: PINGAMIZI LA FAINI YA MAEGESHO NAMBA ......, GARI NAMBA Z ......*

*Kichwa cha habari cha hapo juu chahusika.*

*Tarehe ...... saa 8:05 mchana (14:05) gari yangu iliandikiwa faini katika barabara ya Kenyatta, Shangani, kwa madai kwamba haikulipiwa maegesho. Sikubali kosa hilo. Ada ilikuwa imelipwa saa 7:40 mchana (13:40) kwa muda wa saa moja, kwa stakabadhi namba ....... Namba ya gari kwenye stakabadhi hiyo ina herufi moja iliyokosewa wakati wa kuingizwa kwenye kimashine.*

*Naomba faini hii ifutwe, ankara yake iondolewe kwenye mfumo wa malipo, na nijibiwe kwa maandishi. Nimeambatisha nakala ya karatasi ya faini, stakabadhi na picha tatu.*

Jina, saini, simu, anwani. Ambatisha nakala, asili ibaki kwako.

Kwa faini ya trafiki utaratibu ni mwengine. Nenda mwenyewe kwenye kituo kilichotajwa kwenye karatasi, iwe Malindi, Madema au Mwanakwerekwe, uulize ofisi ya usalama barabarani, na umwone mkuu wa pale ukiwa na picha zako. Wakishikilia kwamba kosa lipo, sema hukubali na unaomba lipelekwe mahakamani.

Hatua ya 6: Masjala

Chapa barua nakala mbili. Usimwachie mlinzi, wala usimpe jamaa yako anayefanya kazi humo "akusaidie kuipeleka". Ipeleke masjala, yaani ofisi ya kupokelea na kutunza barua, moja waichukue, nyingine waigonge mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na uondoke nayo. Bila ya mhuri huo hujaandika kitu. Nenda asubuhi, na usiende Ijumaa ukifika saa tano wala siku za mwisho za Ramadhani.

Ukikaa kimya, nao watakaa kimya. Rudi baada ya wiki mbili na nakala yako, uulize faili liko kwa nani.

Hatua ya 7: Wakikataa

Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 12, inakupa haki ya kusikilizwa pale haki zako zinapoamuliwa, na haki ya kukata rufaa. Omba sababu za kukataliwa kwa maandishi. Kama jambo likifika mahakamani, utapata wito wenye jina la mahakama na tarehe. Hapo utasomewa shitaka na kuulizwa kama unakubali. Ukikana, kazi ya kuthibitisha ni ya upande wa mashtaka, si yako. Usikose siku hiyo hata iweje, kwa sababu hakimu anaweza kuamuru ukamatwe, na jambo la maegesho likageuka jambo la polisi.

Kabla ya hapo zungumza na msaidizi wa sheria wa jimbo lako, au Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, ambacho kipo tangu 1992 na kina ofisi Unguja na Pemba. Wakili wa kulipwa kwa faini moja ya maegesho ni hasara tupu, isipokuwa una gari nyingi na tatizo ni lile lile kila mwezi.

Ukishinda

Chukua barua ya kufutiwa, kisha hakikisha kwenye simu. Ingiza namba ya malipo ya ile faini kwenye ZanMalipo, mfumo wa malipo ya serikali ya Zanzibar, kama unayetaka kulipa, usimalizie. Ikiwa bado inakuletea kiasi cha pesa, ankara haijaondolewa, na itaendelea kukudai. Rudi na barua, safari hii si masjala. Nenda uhasibu.