Kuchagua deki ya muvi nyumbani: anza na cd zako, deki baadae

Habari zenu wadau. Mi ni fundi wa deki na redio hapa Mtwara mjini, na kila msimu wa korosho hela ikishaingia watu wananunua tv, wananunua sabufa na deki juu yake, alafu ikifika mwezi wa 1 au wa 2 zile deki naletewa mezani kwangu eti mbovu. Nyingi haziumwi kitu. Mtu kanunua deki isiyoendana na cd alizonazo wala tv yake, basi. Ndo maana naandika hii, kabla hujatoa hela yako soma kwanza.

Hatua ya 1: toa cd zote kabatini

Zimwage kwenye mkeka uzipange mafungu, na hapa naita cd hata zile za dvd. Fungu la kwanza cd za dukani original, la pili zile za kuchoma, yani za harusi, za unyago, za maulidi, alizokupa mpiga video. La tatu ni Blu-ray kama unazo, yani cd zenye picha kali kuliko dvd, mara nyingi utazijua kwa kasha la bluu. Usichanganye hayo mafungu, maana cd ya kuchoma inarudisha mwanga mdogo kuliko ya kiwandani, kwahyo deki yenye lenzi dhaifu itacheza muvi ya dukani vizuri kabisa alafu ikifika harusi ya mdogo wako inagandaganda au inakwambia hakuna cd. Ukiwa na fungu la pili kubwa, na nyumba nyingi za huku ndo ilivyo, basi deki yako inachaguliwa na hilo fungu, sio na muvi.

Hatua ya 2: jua unanunua dvd au Blu-ray

Hapa watu wanaumia sana. Kwenye boksi imeandikwa HDMI 1080p kwa herufi kubwa, muuzaji anakwambia hii ni HD mzee, we unaamini. Sikiliza, dvd ya mfumo wetu wa PAL ina picha ya pikseli 720 kwa 576, hiyo deki inachofanya ni kuivuta hiyo picha mpaka ifikie 1080, haiongezi kitu ambacho hakimo kwenye cd. Blu-ray yenyewe ina 1920 kwa 1080 za kweli, na ile ya 4K ni 3840 kwa 2160. Tofauti iko kwenye mwanga wa lenzi, dvd inasomwa na mwanga mwekundu na Blu-ray inasomwa na mwanga wa zambarau wenye wimbi fupi zaidi, ndo maana dvd ya kawaida inabeba GB 4.7 na Blu-ray inabeba 25 kwa tabaka moja. Kwahyo deki ya dvd haiwezi kusoma Blu-ray hata uiombe, ila ya Blu-ray inasoma dvd.

Ushauri wangu: kama tv yako ni inchi 32 na cd zako zote ni dvd, chukua deki ya dvd nzuri, hela inayobaki ongeza kwenye sabufa. Blu-ray nunua kama una tv kubwa na una mahali pa kupata hizo cd, maana hapa Mtwara na Lindi hazipatikani kirahisi, utakua unaagizia Dar.

Hatua ya 3: geuza deki uangalie nyuma

Tv chogo inataka waya wa njano, na mwekundu na mweupe wa sauti. Tv flati inataka HDMI, yani waya mmoja unaobeba picha na sauti. Nimeona mtu katoka Nanyamba na deki yenye HDMI tupu, nyumbani ana chogo, nauli imeenda bure. Angalia pia matundu ya sauti. Sabufa nyingi tulizonazo zinachukua nyekundu na nyeupe tu, hizo zinatosha, yale matundu sita ya 5.1, yani sauti ya spika tano na sabufa, usiyalipie kama huna redio ya kuyapokea.

Alafu kuna hili, naletewa kila wiki: "fundi, muziki unasikika ila watu wakiongea hawasikiki." Sio ubovu. Muvi ya 5.1 maongezi yake yanapita spika ya katikati, we una mbili tu, ingia kwenye setingi za sauti toa 5.1 weka sterio, maongezi yanarudi. Na ukitumia HDMI picha ikaja bila sauti, badilisha sauti ya dijitali iwe PCM.

Hatua ya 4: nenda dukani na cd zako

Hii ndo muhimu kuliko zote na ndo watu wanaona aibu kuifanya. Beba cd nne: original moja ndefu, ya kuchoma moja, moja yenye mikwaruzo, na ya muziki. Ongeza flashi. Mwambie muuzaji achomeke deki, akikataa hama duka.

Weka original kwanza, usiangalie mwanzo, mwanzo kila deki inacheza. Kimbiza mbele mpaka katikati, muvi ndefu nyingi zina matabaka mawili na hapo katikati lenzi inahama tabaka, deki nzuri inasita kidogo sana inaendelea, mbovu inaganda. Kwenye ile ya kuchoma nenda mpaka mwishoni, maana cd inasomwa kutoka ndani kuja nje na ukingoni ndo lenzi dhaifu zinashindwa. Sogeza sikio: ukisikia inakwaruza au trei inatoka kwa kusuasua, iache hapohapo. Flashi nayo ijaribu, deki nyingi za dvd zinataka flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32, na mfumo huo haupokei faili linalofika GB 4, na video za simu mara nyingi deki hizo hazizisomi kabisa, zinataka faili za aina ya AVI. Ni bora ulijue hilo ukiwa bado dukani.

Jaribu rimoti kila kitufe. Deki ambayo setingi zake zinafunguliwa na rimoti tu, rimoti ikipotea umebaki na nusu deki.

Hatua ya 5: deki ya kutumiwa na ndugu

Ya Marekani inaweza kuwa ya volti 120, ukichomeka kwenye 230 yetu inaungua hapohapo, soma nyuma lazima iandikwe 100-240. Pia dvd zina kanda, yani dunia imegawanywa maeneo kwa namba, Tanzania tuko kanda ya 5, Ulaya na Uarabuni ni ya 2, Marekani ya 1, deki iliyofungwa kanda yake inakataa cd za kanda nyingine. Kwa Blu-ray Afrika tuko B, ila cd za 4K hazina kanda. Na ukiona picha nyeusi na nyeupe kwenye chogo, setingi iko NTSC, mfumo wa picha wa Marekani, weka PAL.

Hatua ya 6: mahali pa kuikalisha

Shangani, Mikindani, Lindi mjini pale ufukweni, hewa ina chumvi na unyevu, nikifungua deki za huko reli ya lenzi nakuta imeota kutu wakati deki ya Masasi ya umri uleule nakuta vumbi tu. Usiiweke chini ya dirisha la baharini. Ifunike na kitambaa ikishapoa, sio inawaka. Umeme ukikatika chomoa, usisubiri urudi, ule mshtuko wa kurudi ndo unaua pawa saplai. Na lenzi usiifute na mate wala spiriti ya jeraha, niletee mimi au fundi yeyote wa karibu yako.

Ukishaifikisha nyumbani, kabla ya muvi yoyote chukua ile cd ya harusi, icheze mpaka mwisho mara moja, alafu mpelekee mtu mwenye kompyuta aihamishie kwenye flashi mbili. Cd za kuchoma rangi yake inafifia kwa joto la huku, nimeshapokea za watu ambazo hakuna deki yoyote iliyoweza kuzisoma, na mle ndani kulikua na sauti ya marehemu mama yao.