Faili zilizo nyuma ya simlinki hazionekani ukitafuta? Ipe faharasa folda halisi

Kompyuta nyingi za mitumba zinazouzwa Luthuli Avenue, Nairobi, huwa na SSD (diski ya kuhifadhia) ndogo, kwa hiyo mwenye ofisi huongeza diski ya pili, akahamishia nyaraka huko na kuacha simlinki (kiungo kinachoelekeza kwenye folda iliyo mahali pengine) ndani ya Documents. Folda inafunguka vizuri. Lakini ukiandika "risiti ya kodi ya nyumba" kwenye kisanduku cha kutafuta cha Ubuntu, hupati kitu.

Hiyo si hitilafu. Tracker, programu inayojenga faharasa (orodha ya faili inayotumiwa kutafuta) kwenye GNOME, mazingira ya eneo-kazi ya Ubuntu, haifuati simlinki, na ina sababu nzuri: kiungo kinaweza kuelekeza kwenye folda iliyokibeba chenyewe, programu ikazunguka bila kikomo, au faili moja ikasajiliwa mara mbili kwa anwani tofauti. Basi usihangaike kuilazimisha. Isajilie mahali faili zilipo hasa. Hatua hizi ni za Ubuntu 22.04 na 24.04.

Fungua terminali (dirisha la kuandika amri), uanze kwa kujua kiungo kinaelekea wapi:

readlink -f ~/Documents/Risiti

Tuseme jibu ni /mnt/data/Risiti. Ukiona linaanza na /media, simama hapo kwanza. Diski iliyofunguliwa kwa kubofya inaweza kuhesabiwa kama ya kuchomeka na kuchomoa, na hizo hazisajiliwi hadi uruhusu. Ipe makao ya kudumu: soma UUID yake (namba ya utambulisho) kwa lsblk -f, unda folda kwa sudo mkdir -p /mnt/data, kisha ongeza mstari huu kwenye /etc/fstab, faili inayoorodhesha diski za kufunguliwa kompyuta ikiwaka (hapa diski ina mfumo wa faili wa ext4):

UUID=namba-yako /mnt/data ext4 defaults,nofail 0 2

Neno nofail usiliache. Bila hilo, siku diski ikikosekana kompyuta itakwama ikiwaka. Jaribu kwa sudo mount -a kabla ya kuzima mashine, na kama anwani imebadilika, tengeneza simlinki upya.

Sasa sajili folda. Njia rahisi ni Settings, Search, Search Locations, kisha uiongeze. Kwa terminali, soma orodha iliyopo kwanza:

gsettings get org.freedesktop.Tracker3.Miner.Files index-recursive-directories

Halafu iandike yote upya, ukiongeza yako mwishoni:

gsettings set org.freedesktop.Tracker3.Miner.Files index-recursive-directories "['&DESKTOP', '&DOCUMENTS', '&MUSIC', '&PICTURES', '&VIDEOS', '/mnt/data/Risiti']"

Hapa ndipo wengi huumia. Amri ya set haiongezi, inafuta orodha ya zamani. Ukiandika folda yako peke yake, Documents nzima inatoka kwenye faharasa. Usitumie sudo pia, maana utabadilisha mipangilio ya root (msimamizi mkuu wa mfumo), siyo yako.

Angalia maendeleo kwa tracker3 status. Kuhakikisha faili moja imeingia:

tracker3 info /mnt/data/Risiti/kodi-machi.pdf

Tumia anwani halisi, siyo ya kiungo. Vivyo hivyo, matokeo ya utafutaji yataonyesha /mnt/data, na ndivyo inavyopaswa.

Ikiwa jina linapatikana lakini maneno ya ndani hayapatikani, fungua PDF ujaribu kuchagua neno kwa kipanya. Likikataa kuchaguliwa, ukurasa huo ni picha tu iliyoskaniwa, na Tracker haisomi maandishi yaliyo ndani ya picha. Faili za namna hiyo zipe majina yanayojieleza: tarehe, jina la mpangaji, namba ya nyumba.