Una kesi ya zamani Marekani? Fanya haya kabla ya kwenda kununua bunduki

Anza na karatasi, usianze na duka. Kazi yangu ni ukalimani wa Kiswahili mahakamani hapa Marekani, na wengi ninaowatafsiria wanazijua kesi zao kwa kuhadithiwa tu. Huyu anasema, "Mimi sikufungwa, nilipewa kifungo cha nje, yakaisha." Yule anasema yake ilikuwa kesi ndogo, aliambiwa hivyo na shemeji. Mimi si wakili, na pale kesi inapokuwa na utata utamhitaji wakili, lakini hata yeye jambo la kwanza atakalokuomba ni hizo karatasi.

Nenda kwa karani wa mahakama iliyokuhukumu, umuombe nakala ya hukumu yenye muhuri. Hati ya mashtaka peke yake haitoshi, maana mara nyingi mtu hushtakiwa kwa kosa moja akakubaliana na mwendesha mashtaka akiri jingine. Ukiipata nakala, tafuta kifungu cha sheria ulichotiwa hatiani nacho, kisha uulize adhabu ya juu kabisa ya kifungu hicho ilikuwa miaka mingapi. Angalia pia aliyetendewa kosa alikuwa nani kwako. Kama umeishi majimbo mengi na hukumbuki kesi zote, FBI hutoa muhtasari wa rekodi yako kwa dola 18, baada ya kuwapelekea alama za vidole.

Kipimo chenyewe kimo katika sheria ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani, ya mwaka 1968. Ukiwahi kutiwa hatiani kwa kosa ambalo jaji angeweza kukufunga zaidi ya mwaka mmoja, huruhusiwi kuwa na bunduki wala risasi. Neno la kushika hapo ni "angeweza". Kosa likiwa na adhabu ya hadi miaka mitano, nawe ukapewa kifungo cha nje ukaenda kulala kwako, sheria inakuhesabu sawa na aliyeitumikia mitano yote. Nafuu iko kwa makosa ambayo jimbo lenyewe linayaita madogo na adhabu yake haizidi miaka miwili. Hayo hayahesabiwi hapa.

Wala si lazima kosa liwe la damu. Kughushi hundi kunaweza kutosha. Kuna mtu wa Pennsylvania aliyekiri mwaka 1995 kwamba alidanganya kipato chake ili familia ipate msaada wa chakula. Hakwenda jela, lakini kosa lilikuwa na adhabu ya hadi miaka mitano, akafungiwa bunduki. Aliishtaki serikali, na mahakama ya rufaa ikasema, mwaka 2023 na tena 2024, kwamba marufuku hiyo haiwezi kumbana yeye. Ushindi ule ni wake, tena ulichukua miaka. Usijipe matumaini kwamba kwa kuwa yeye alishinda, na kesi yako imefutika.

Sasa kosa la nyumbani, ambalo ndilo linalowanasa watu wetu kuliko yote. Mume na mke wamegombana, mmoja kamsukuma mwenzake, jirani kapiga simu polisi. Asubuhi mwanamume anaambiwa akikiri kosa dogo la shambulio ataachiwa leo leo. Anakiri, anarudi kazini, na hakuna anayefikiria bunduki siku hiyo. Lakini tangu 1996 sheria ya shirikisho inamnyima bunduki yeyote aliyetiwa hatiani kwa kosa, hata dogo, la kutumia nguvu dhidi ya mwenzi wake, mtu aliyezaa naye au anayeishi naye kama mke na mume. Kosa halihitaji kuandikwa "ukatili wa nyumbani". Likiandikwa shambulio la kawaida na aliyepigwa akawa mkeo, linatosha. Askari polisi na wanajeshi nao hawana msamaha hapa. Mwaka 2022 sheria ikaongeza wapenzi wasioishi pamoja; kwa hao, mtu mwenye kosa moja tu la namna hiyo anaweza kurudishiwa haki baada ya miaka mitano bila kosa jingine. Kwa mume na mke hakuna hesabu ya miaka. Na amri ya mahakama ya kukuzuia usimdhuru mwenzako si hukumu ya jinai, lakini nayo inaweza kukufungia bunduki kwa muda inapodumu; Mahakama Kuu ya Marekani ililithibitisha hilo mwaka 2024.

Vipi kesi uliyohukumiwa kwetu Afrika? Mwaka 2005 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya mtu aliyefungwa Japani, kwamba hukumu za mahakama za nje hazihesabiwi kwenye marufuku ile ya zaidi ya mwaka mmoja. Usishangilie mapema, maana jimbo linaweza kuwa na sheria yake, na aliyeko nchini kwa viza ya muda, mbali na vighairi vichache kama leseni ya uwindaji, haruhusiwi bunduki hata kama hajawahi kuiona mahakama. Na kama una kesi kubwa inayoendelea, usinunue bunduki mpya mpaka iishe, hata kama unaamini utashinda.

Halafu kuna jimbo na shirikisho, na hapa hata watu makini hujikwaa. Texas humruhusu mwenye kosa kubwa kuwa na bunduki ndani ya nyumba anayoishi, ikishapita miaka mitano tangu atoke gerezani au amalize kifungo cha nje. Mtu anasikia hivyo, ananunua kwa rafiki, kumbe sheria ya shirikisho bado inamkataza na ina mkono mrefu. California nayo inakwenda upande wa pili: makosa madogo kadhaa huko yanakufungia miaka kumi, ingawa shirikisho halikugusi. Inabidi upite milango yote miwili.

Kufungua mlango uliofungwa kunategemea nani aliufunga. Hukumu ya jimbo ikifutwa, ukisamehewa na gavana au ukirudishiwa haki zako za kiraia, shirikisho kwa kawaida linaiheshimu, ila kama hati yenyewe inasema bado huruhusiwi bunduki. Isome hati hiyo neno kwa neno. Nimeona watu wakiishangilia kwa ukurasa wa kwanza tu. Hukumu ya mahakama ya shirikisho haifutwi na gavana. Huko njia iliyozoeleka ni msamaha wa rais. Sheria ina njia nyingine ya kuomba serikalini, lakini Bunge liliinyima fedha tangu 1992, na ni mwaka 2025 tu Wizara ya Sheria ilipoanza kuifufua.

Ukishajiridhisha, ndipo uende kwa muuzaji mwenye leseni. Utapewa Fomu 4473, na humo swali la hukumu limeandikwa wazi kwamba linahusu kifungo ambacho jaji angeweza kutoa, hata kama alikupa kifupi zaidi. Usijibu kwa kubahatisha. Kusema uongo kwenye fomu hiyo ni hadi miaka kumi, na kukutwa na bunduki huku umekatazwa ni hadi kumi na mitano. Kwa mwenye grini kadi, kosa la bunduki linaweza pia kumfukuzisha nchini. Kama wewe umekatazwa na mkeo hajakatazwa, bastola yake ikae kwenye sanduku ambalo wewe huna ufunguo wala namba yake, kwani kuweza kuifikia tu kunaweza kuhesabiwa kuwa unayo.

Muuzaji atapeleka taarifa zako kwenye mfumo wa ukaguzi wa FBI, au kwa polisi wa jimbo mahali pengine. Jibu laweza kuwa ndiyo, hapana au subiri. Ukiambiwa hapana na karatasi zako ni safi, usigombane na muuzaji, yeye haoni sababu. Chukua namba ya muamala na uombe sababu kwa maandishi kutoka ofisi iliyokukatalia, kisha ukate rufaa ukiambatanisha nakala ya hukumu na alama za vidole. Wenye majina ya kwetu, Mohamed Ali kwa mfano, hufananishwa na wengine mara kwa mara. Kwa hali hiyo omba FBI wakuwekee faili la hiari, watakupa namba utakayoiandika kwenye fomu kila unaponunua.