Somo: Kuitafuta Vesta kwa binokula na kuithibitisha kwa mwendo wake

Vesta ndiyo asteroidi (gimba la mwamba linalolizunguka Jua, dogo kuliko sayari) inayong'aa kuliko zote tukiitazama kutoka duniani. Ikiwa karibu nasi kabisa, uangavu wake hufikia takriban 5.1 (kwa kipimo hiki, namba ndogo ndiyo yenye kung'aa zaidi), na mwenye macho makali aliye penye giza la kweli huweza kuiona bila chombo. Somo hili ni la mwenye binokula ya 7x50 au 10x50, karatasi na penseli.

Hatua ya 1: Chagua msimu. Vesta hulizunguka Jua kwa miaka 3.6 hivi, na Dunia huipita kila baada ya miezi 16 au 17. Wiki chache kabla na baada ya kupitwa ndizo zako. Nje ya hapo hufifia hadi karibu 8. Epuka pia mbalamwezi.

Hatua ya 2: Tafuta eneo. Programu ya Stellarium itakuonyesha Vesta ipo katika kundinyota gani tarehe hiyo. Shika nyota angavu iliyo jirani, kisha isogeze binokula taratibu kutoka hapo.

Hatua ya 3: Chora. Hapa ndipo wengi huruka, na ndipo penye somo lenyewe. Vesta ina kipenyo cha wastani cha kilomita 525, na hata ikitusogelea huwa mbali zaidi ya kilomita milioni 160. Kwa hiyo kwenye binokula ni nukta tu, sawa na nyota. Chora duara, weka kila nukta unayoiona mahali pake, zilizo angavu ziwe kubwa. Andika tarehe na saa. Usiiulize simu nukta ipi ni ipi. Acha anga ikujibu.

Hatua ya 4: Rudi baada ya usiku mmoja au miwili. Ikiwa karibu nasi, Vesta husogea takriban robo digrii kwa siku. Siku mbili zinatosha kuihamisha kwa upana wa Mwezi mpevu. Nukta iliyohama ndiyo yenyewe.

Ugunduzi wake nao ulitokana na kuyarudia maeneo yaleyale. Heinrich Olbers, tabibu wa Bremen nchini Ujerumani, alikuwa ameigundua Pallas mwaka 1802. Akaamini kwamba Pallas na Ceres, asteroidi iliyogunduliwa kabla yake, ni vipande vya sayari iliyovunjika, na kwamba vipande vingine vitapita pale mizingo ya hizo mbili inapokaribiana. Akawa anazikagua nyota za sehemu hizo mara kwa mara, hadi tarehe 29 Machi 1807 alipoiona ngeni katika kundinyota la Mashuke. Carl Friedrich Gauss akakokotoa mzingo wake, na Olbers akampa heshima ya kuchagua jina. Asteroidi iliyofuata, Astraea, haikupatikana hadi 1845! Dhana ya sayari iliyovunjika haikuwa sahihi: ukanda mzima wa asteroidi una uzito wa asilimia chache tu za uzito wa Mwezi. Lakini bidii yake ilizaa matunda, nami namheshimu kwa hilo.

Hatua ya 5: Jua unachokitazama. Ceres ni kubwa zaidi, lakini Vesta huishinda kwa kung'aa kwa sababu hurudisha takriban asilimia 40 ya mwanga unaoipiga. Ilipokuwa changa iliyeyuka, chuma kikazama katikati, na mawe ya volkano yakaganda juu. Chombo cha angani cha NASA kiitwacho Dawn kiliizunguka tangu Julai 2011 hadi Septemba 2012 na kupima umbo lake: kilomita 573 kwa 557 kwa 446. Hujizungusha mara moja kwa saa 5 na dakika 20.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mbona naona nukta mbili zimehama?*
Moja uliikosea kwenye mchoro. Chora tena usiku wa tatu. Nyota itabaki mahali pake, Vesta itaendelea na safari.

*Kwa nini isiitwe sayari kibete kama Ceres?*
Kwa sababu ya umbo. Sayari kibete sharti iwe imeviringwa na mvutano wake yenyewe. Vesta ilipigwa dharuba upande wa kusini, ikabaki na kasoko (shimo la mgongano) ya Rheasilvia yenye upana wa kilomita 500 hivi, na katikati yake mlima unaozidi kilomita 20 kwenda juu.

*Ni kweli vipande vyake vimefika duniani?*
Ndiyo. Mwaka 1970 ilionekana kuwa mwanga unaorudishwa na Vesta unafanana na wa vimondo viitwavyo yukraiti, na vipimo vya Dawn vikaunga mkono. Vimondo vya ukoo huo ni takriban asilimia 6 ya vinavyoonekana vikianguka.

*Mawingu yamefunga siku nne mfululizo. Mchoro wangu umeharibika?*
Hapana, ndugu yangu, utunze. Siku nne ni kama digrii moja, na binokula ya 10x50 huonyesha takriban digrii 6 kwa mara moja. Vesta bado imo humohumo.