Jinsi ya kujifua kwa Countdown: herufi, nambari na fumbo, kutoka baraza la Kondele

Jumapili saa tisa alasiri, jua la Kisumu likianza kupunguza makali, huwa tunakaa kwenye baraza la duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Kondele, watu wanane au kumi, tukicheza mchezo ambao wapita njia hudhani ni karata. Kadi zetu tulizikata kutoka katoni za sabuni. Saa yetu ni simu. Mchezo wenyewe ni Countdown, ule wa televisheni ya Uingereza wa herufi na nambari, na mimi ndiye ninayeufundisha hapa.

Kila anayekuja mara ya kwanza huamini kwamba bingwa wa mchezo huu ni mtu aliyemeza kamusi. Nimetazama vipindi vingi kwenye YouTube, nikisimamisha kila raundi ili nicheze mwenyewe kabla ya kuona jibu, na bingwa niliyemwona humo ni bahili tu. Pointi ikimkaribia haiendi kwa mwingine. Mwongozo huu ni wa kukufundisha ubahili huo.

Hatua ya 1: Zijue sheria kama zilivyo

Mchezo ulizaliwa Ufaransa mwaka 1965, wakati huo ukiwa wa herufi peke yake. Waingereza waliuanzisha kwao tarehe 2 Novemba 1982, siku ambayo kituo cha Channel 4 kilifunguliwa, na ndio uliokuwa kipindi cha kwanza kabisa kurushwa hapo.

Siku hizi kipindi kimoja kina raundi 15: kumi za herufi, nne za nambari, na fumbo moja la mwisho. Kila raundi ina sekunde 30. Kwenye herufi, mshindani ambaye ni zamu yake huomba konsonanti au irabu, moja moja, hadi zitimie tisa. Lazima irabu zisipungue tatu na konsonanti zisipungue nne. Mwenye neno refu zaidi ndiye hupata pointi, moja kwa kila herufi. Mkilingana, nyote mnapata. Ukitumia herufi zote tisa unapewa 18.

Anayeshinda hurudi kumkabili mgeni mpya. Akishinda mara nane mfululizo hupumzishwa, kisha bora miongoni mwa mabingwa huitwa tena kwenye fainali za msimu. Vipindi kadhaa hurekodiwa siku moja, kwa hiyo bingwa hubadilisha shati, hunywa maji na kurudi kitini. Zawadi inayoonewa wivu kuliko zote ni birika la chai. Nilipowaambia watu wa baraza, mama mmoja aliuliza kama angalau linakuja na sukari.

Hatua ya 2: Tengeneza kadi za Kiswahili

Unaweza kucheza kwa Kiingereza, na ukilenga kuwafikia wale wa televisheni huna budi. Lakini akili hufunguka haraka zaidi kwa lugha unayoiotea ndoto. Tuliyojifunza kwa kukosea ni haya.

Q na X usizikate kabisa. Irabu ziwe nyingi, na A ziwe nyingi kuliko zote, kwa sababu neno la Kiswahili karibu kila mara huishia kwa irabu na silabi zake nyingi vilevile. Sisi tunalazimisha irabu nne badala ya tatu. Kadi ya C iacheni ijitegemee: ikitoka bila H ni mashua ya Dunga, ufuo wetu wa ziwani, isiyo na kasia, na bahati mbaya ni sehemu ya mchezo.

Kisha mkubaliane kuhusu vitenzi kabla ya ugomvi kuanza. Kwetu, shina la kitenzi na minyambuliko yake hukubaliwa: pika, pikia, pikwa, pikisha. Viambishi vya nafsi na wakati hukataliwa, na hata KU- ya mwanzo hukataliwa, la sivyo kila mtu ataongeza herufi mbili za bure. Majina huruhusiwa kwa umoja na kwa wingi. Sheng hapana. (Tuliwahi kupoteza nusu saa nzima kwa ajili ya chapo.) Mwamuzi awe na Kamusi ya Kiswahili Sanifu mkononi, na neno lake liwe la mwisho hata akiwa ni mdogo wako.

Hatua ya 3: Tafuta kichwa na mkia kabla ya kutafuta neno

Hapa ndipo wanaoanza hupoteza muda. Huzitazama herufi tisa wakingoja neno liwatokee lenyewe kama malaika. Bingwa wa Kiingereza hatazami hivyo. Akiona I, N na G huzitenga pembeni, akiona E na R vilevile, kisha hucheza na zilizobaki, kwa sababu anajua maneno marefu ya lugha ile yana mikia inayojirudia.

Kiswahili kimejaliwa zaidi, maana kina mikia na vichwa pia. Chukua mfano huu uliotoka kweli mezani:

T A K M A U S H A

Wengi waliona shuka, herufi tano. Wengine shaka. Aliyeuliza "MA- ipo?" aligundua kwamba M na A zimekaa bure, na ghafla shuka ikawa mashuka, shaka ikawa mashaka, herufi saba. Mmoja alitulia sekunde tano zaidi, akaona kwamba T pia imebaki. Mashtaka. Nane.

Kwa hiyo pitia orodha hii kwa mpangilio uleule kila raundi, hadi iwe kama kufunga kamba za viatu. Kwanza vichwa: MA-, KI-, VI-, M-, U-. Pili mikia ya vitenzi: -ISHA, -IKA, -IWA, -ANA, -IA. Tatu, mkia wa mtendaji, -JI, ukiwa na M mbele: msomaji, mchezaji.

Kwenye mikia kuna kanuni ya sarufi itakayokuokolea sekunde. Shina lenye E au O hutaka E: soma huzaa somesha, kamwe si somisha. Shina lenye A, I au U hutaka I: pika, pikisha. Ukiwa na O moja, I moja na hakuna E, achana na ndoto ya kulivisha shina lile la O mkia wa -ISHA, -IKA au -IA. Na ukiona A mbili, I mbili, N, D, K, S na H zimekaa pamoja, usihangaike: andikisha, herufi tisa, pointi 18. Nimeiona mara moja tu mezani kwetu, na aliyeipata aliimba.

Wapenzi wa Scrabble, mchezo wa kupanga maneno ubaoni, nawaonya. Mnigeria Wellington Jighere alipotwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble mwaka 2015, ilisemwa sana kwamba Wanigeria hupenda maneno mafupi kiasi yanayombana mpinzani kwenye ubao. Hapa hakuna ubao wa kumbana mtu. Urefu ndio kila kitu.

Hatua ya 4: Hesabu herufi kwa kidole

Muda ukiisha, kila mmoja hutangaza idadi kwanza, "sita" au "saba", kabla ya kusoma neno. Ukishatangaza huwezi kurudi nyuma. Neno likikataliwa, unapata sufuri.

Kwenye fainali yetu ya mwisho wa mwaka zilitoka K T A B I U A N M. Nikaona kitambaa. Nane! Nilitangaza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda. Mpinzani wangu, mama anayeuza nyanya soko la Kibuye, alisema "sita" kwa upole. Mwamuzi akasoma neno langu polepole, akasimama kwenye A ya tatu. Zilikuwa mbili tu. Neno la mama lilikuwa mabati, na mabati yenyewe yalikuwa yamepangwa ukutani nyuma ya kichwa chake muda wote ule. Alinishinda kwa pointi nne.

Tangu hapo naweka nukta juu ya kila herufi ninayoitumia. Sekunde tatu za mwisho ni za nukta, si za kutafuta neno jipya. Na kama huna hakika na neno, tazama ubao wa pointi: ukiongoza, tangaza lile fupi la uhakika, ukiwa nyuma kwa pointi nyingi, huna cha kuogopa, jaribu refu.

Hatua ya 5: Nambari

Hapa ndipo mabingwa wengi hujitenga na wenzao, nami kama mwalimu wa hesabu nakiri kwamba napendelea.

Kadi ni 24. Kubwa ni nne: 25, 50, 75 na 100. Ndogo ni 20, yaani 1 hadi 10, kila moja mara mbili. Unachagua sita, ukitaja ngapi kubwa na ngapi ndogo, kisha mashine inatoa lengo la tarakimu tatu. Unajumlisha, unatoa, unazidisha, unagawanya. Kila kadi hutumika mara moja tu, si lazima zote zitumike, na sehemu na hasi hazikubaliwi hata katikati ya hesabu. Ukilipata lengo ni pointi 10. Ukilikosa kwa 5 au chini ya hapo, 7. Kwa 6 hadi 10, 5. Aliye karibu zaidi ndiye hupewa.

Kariri jedwali la 75 kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu shuleni hatukulikariri: 150, 225, 300, 375, 450, 525, 600, 675, 750, 825, 900, 975. Nilibandika langu juu ya karai ninaponyolea ndevu.

Sasa cheza nami. Kadi: 75, 50, 8, 7, 3, 2. Lengo: 812.

Kwanza kabisa, jibu la akiba. 8 na 3 ni 11; 75 mara 11 ni 825; toa 7 mara 2, inabaki 811. Liandike. Sasa una pointi 7 mfukoni na sekunde ishirini mkononi, na hapo ndipo ubahili wenyewe ulipo: usianze kuwinda kamili kabla ya kuweka akiba.

Kisha ligawe lengo. 812 inagawanyika kwa 7, inapatikana 116. Mimi nilijumlisha 75 na 50 nikapata 125, nikatafuta 9 ya kutoa: 8 na 3 toa 2. Mia na kumi na sita, mara 7, imefika. Nikajisifu. Msichana mmoja wa gredi ya saba akaniangalia kwa huruma. "Mwalimu, si hamsini na nane mara kumi na nne tu?" 50 na 8, mara 7, mara 2. Hakugusa 75 wala 3. Alifika sekunde nyingi kabla yangu.

Mbinu ya pili ni kuongeza kabla ya kuzidisha. Lengo likiwa 616 na una 75, 8 na 2, wengi hupata 600 kisha huanza kutafuta 16. Iweke 2 juu ya 75 kwanza: 77 mara 8 ni 616. Ile 2 ndogo imezaa 16 nzima.

Mbinu hizi zikikutana ndipo linapotokea jambo kama lile la mwaka 1997 kwenye kipindi chenyewe cha televisheni. Mshindani alipewa 25, 50, 75, 100, 3 na 6, lengo 952. Akajumlisha 100 na 6, akazidisha kwa 3, ikawa 318. Akazidisha kwa 75, ikawa 23,850. Akatoa 50, akagawanya kwa 25: 952. Watu hudhani ni uchawi wa kubeba nambari kubwa kichwani. Itazame kwa upande mwingine: 106 mara 9 ni 954, toa 2 ni 952. Ile 9 ni 75 mara 3 gawa kwa 25. Ile 2 ni 50 gawa kwa 25. Shida ni kwamba 25 ipo moja na inahitajika mara mbili. Dawa ni kuahirisha kugawanya hadi mwisho, na hapo 25 moja inazihudumia zote mbili. Ifanye mwenyewe kwenye karatasi mara tatu na hutaisahau.

Kuhusu kuchagua: ukiongoza, omba moja kubwa na tano ndogo, maana mara nyingi nyote mtalipata lengo na pengo litabaki palepale. Ukiwa nyuma, omba kubwa zote nne, umtoe mwenzako kwenye njia aliyoizoea. Ila uwe umezifanyia mazoezi nyumbani.

Hatua ya 6: Fumbo

Herufi tisa zilizovurugwa, neno moja, pointi 10 kwa anayebonyeza kwanza na kupatia. Ukikosea umetoka, na mpinzani anaachiwa sekunde zilizobaki peke yake. Tofauti ikiwa ya pointi 10 au chini, mechi nzima inaamuliwa hapa.

Mtunzi wa fumbo huzipanga herufi zifanane na maneno ili akupoteze. Tuliwahi kutoa hili:

NANIMWACH

Watu waliganda kwenye "nani". Andika upya herufi kwa duara ili uvunje uongo huo, kisha tafuta zinazolazimika kukaa pamoja. C haina pa kwenda ila kwa H. Irabu ni tatu tu, A, A na I, konsonanti ni sita, kwa hiyo lazima ziko zilizobanana: MW mwanzoni, NCH karibu na mwisho. Mwananchi.

Hatua ya 7: Mazoezi ya wiki

Dakika kumi na tano kila siku hushinda saa tatu za Jumamosi. Mimi hufanya raundi mbili za nambari ndani ya matatu, nikitumia tarakimu za namba za magari yaliyo mbele, na raundi mbili za herufi usiku, hata stima zikipotea, kwa tochi. Weka daftari la maneno uliyoyakosa, si uliyoyapata. Langu limejaa minyambuliko ya -ISHA, jambo linaloonyesha wazi ugonjwa wangu uko wapi.

Ukiwa Kisumu Jumapili, baraza lina nafasi na benchi ni la bure. Fumbo la wiki hii nimeshalikata kwenye kadi: UNADAMUTI. Damu iache, haimo.